Kujitengenezea kibebeo cha sona ya kuvulia barafuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sona nyingi za kutafutia samaki, mashine zinazotumia mwangwi wa sauti kuonyesha kilicho majini, zimeundwa zifungwe kwenye mashua na zikae humo. Ziwa likiganda mashua inapumzika, lakini mashine yenyewe haina sababu ya kulala kabatini miezi yote hiyo. Inachohitaji ni kibebeo: sanduku, ndoo au begi la kubeba skrini, betri na ile sehemu inayozama majini, vyote viende pamoja hadi kwenye tundu lililotobolewa barafuni kwa kuvulia na virudi vikiwa vizima. Nimeshatengeneza vinne kwa mikono yangu, viwili vikaharibika, viwili bado vinafanya kazi. Majibu yaliyo hapa yanatokana na vyote vinne.

Vibebeo vilivyo tayari vinauzwa. Kwa nini nihangaike?

Kwa sababu cha dukani kimekatwa kwa kipimo cha mashine fulani na betri fulani, na huenda yako si hiyo. Ukikiunda mwenyewe unakipangia vitu ulivyo navyo, na siku kitu kikilegea huko katikati ya ziwa unajua kila bolti iko wapi. Kazi yenyewe ni ya siku moja, nayo haihitaji ufundi zaidi ya kupima, kukata na kutoboa.

Nianzie wapi?

Wengi huanza na skrini: ikae wapi, itazame upande gani, ipate kivuli. Nami nilianza hivyo mara ya kwanza, na nilikosea. Anza na transdusa, yaani kile kidude kinachozama majini na kufanya kazi ya mdomo na sikio kwa pamoja. Ikishapata namna ya kuning'inia wima bila kuyumba, nenda kwenye betri uipangie mahali pakavu penye joto. Baada ya hayo mawili, skrini utaikalisha popote inapotosha, na sanduku lenyewe linaweza hata kuwa ndoo ya rangi iliyosafishwa.

Transdusa inafanya nini hasa, mpaka kusimama kwake kuwe na uzito huo?

Inapiga mlio mfupi ambao sikio la binadamu haliusikii, kisha inanyamaza na kusubiri mwangwi. Katika maji baridi yasiyo na chumvi sauti husafiri karibu mita 1,420 kwa sekunde. Kwa hiyo kwenye kina cha mita 10 mlio hushuka na kurudi ndani ya milisekunde 14 hivi. Mashine huhesabu muda huo na kuugeuza kuwa kina. Kanuni hii ni ileile iliyotumiwa na kampuni ya Furuno ya Japani ilipoanza kuuza mashine ya kwanza ya aina hii mwaka 1948. Kilichobadilika tangu wakati huo ni skrini na akili ya kuchuja mwangwi.

Mlio haushuki kama uzi, hutanuka kama koni. Transdusa nyingi zinazopiga kilohezi 200 zina koni ya digrii 20 hivi, na hapo upana wa eneo linaloonekana ni kama theluthi moja ya kina. Penye mita 6 unaona duara la mita 2 na kidogo, penye mita 12 la mita 4 na kidogo. Chambo chako kinashuka katikati ya koni hiyo, nawe unakiona kwenye skrini kama mstari.

Sasa chukua transdusa hiyo uiinamishe digrii 10 tu, kiasi ambacho jicho likitazama tunduni halikigundui. Katikati ya koni panahama, na penye kina cha mita 10 panakuwa mbali na chambo kwa karibu mita 1.8. Chambo kilichoning'inia wima chini ya tundu kimeshafika ukingoni mwa koni. Unavua, unatikisa mshipi, na kwenye skrini huoni kitu. Mtu anapolalamika kwamba sona yake haioni chambo, swali langu la kwanza ni jinsi alivyoitundika transdusa.

Transdusa iliyokuja na mashine ya mashua inafaa, au lazima ninunue ya barafuni?

Inafaa. Tofauti kubwa iko mahali waya unapotokea. Ile ya barafuni waya wake unatoka juu, katikati kabisa, kwa hiyo ukiiachia ining'inie kwa waya wake inatulia yenyewe kama timazi ya mwashi. Ile ya mashua waya unatoka nyuma. Ukiitundika kwa waya inapiga mbizi, pua chini na mkia juu, na koni yake inaelekea ukutani mwa tundu. Hiyo ya mashua inahitaji mkono mgumu wa kuishika, haiwezi kuachiwa waya peke yake.

Kama mashine yako ina picha za pembeni, zisahau ukiwa barafuni. Picha hizo hujengwa mashua ikiwa inatembea, mstari kwa mstari, na wewe umekaa mahali pamoja. Tumia sona ya kawaida inayotazama chini.

Basi nieleze hizo njia mbili za kuitundika.

Njia ya boya ni ya transdusa yenye waya wa katikati. Tafuta kipande cha povu gumu lisilonyonya maji, unene wa kiganja, ukikate mviringo wa sentimita 10 hivi. Pasua mfereji mmoja kutoka ukingoni hadi katikati kwa kisu chembamba. Waya unaingia kwa kubanwa, na msuguano unaushikilia pale unapotaka. Ukitaka transdusa ishuke zaidi, unauvuta waya kidogo kupitia mfereji. Uzuri wake ni kwamba samaki akipanda unalinyanyua boya na kila kitu kwa mkono mmoja, unaliweka kando na tundu linabaki wazi. Usitumie povu jepesi jeupe la kufungashia vyombo. Linamomonyoka, na chembe zake zinabaki ziwani.

Njia ya mkono ndiyo ya transdusa ya mashua. Mimi hutumia bapa la alumini lenye upana wa milimita 25 na unene wa milimita 3, likakunjwa kona moja ya mraba. Upande mfupi unafungwa ubavuni mwa sanduku, upande mrefu unashuka tunduni. Transdusa inafungwa mwishoni kwa bolti yake ya asili, kupitia tundu lilelile lililotengenezwa kwa ajili ya mashua. Penye sanduku tumia bolti moja tu yenye nati ya masikio, ile inayokazwa kwa vidole hata ukiwa na glavu. Mkono uzunguke hapo: chini ukivua, juu ukimvuta samaki au ukihama tundu.

Wengine hutumia bomba la plastiki la maji badala ya alumini. Kwenye ubaridi wa wastani linatosha. Kwenye ubaridi mkali PVC inakuwa kavu kama biskuti, na kugonga kidogo kwenye ukingo wa barafu kunaipasua. Kibebeo changu cha kwanza kilikufa namna hiyo, mkono ukakatikia kwenye kona na transdusa ikabaki imening'inia kwa waya wake.

Nitajuaje kwamba imesimama sawa?

Nyumbani, weka sanduku mezani, shusha mkono, kisha weka pimamaji ndogo juu ya mgongo wa transdusa kama ni bapa. Kaza. Chora alama kwa kalamu isiyofutika mahali transdusa na mkono vinapokutana, ili ikisogea uone.

Barafuni hupati meza, na theluji chini ya sanduku haiko sawa. Hapo sona yenyewe ndiyo iwe pimamaji yako. Shusha chambo chenye chubwi hadi nusu ya kina. Punguza usikivu wa mashine mpaka mstari wa chambo ufifie, karibu upotee. Sasa inamisha sanduku taratibu kwa kupenyeza theluji chini ya upande mmoja, kisha mwingine, macho kwenye skrini. Kuna mahali mstari utanenepa ghafla na kukolea. Hapo ndipo wima. Tazama pia mstari wa sakafu ya ziwa: transdusa iliyoinama huonyesha sakafu nene yenye mkia mrefu, iliyosimama sawa huonyesha ukingo mkali. Ukishazoea, zoezi zima halichukui hata dakika moja.

Izame kiasi gani?

Inategemea unene wa barafu. Fikiria tundu la sentimita 20 na barafu ya sentimita 60. Ukiiweka transdusa juu karibu na uso wa maji, koni ya digrii 20 ikifika chini ya barafu inataka upana wa sentimita 21, na tundu lina 20. Kingo za koni zinagonga kuta za barafu na kurudisha kelele. Kwenye barafu nyembamba ya sentimita 20 au 25 shida hiyo haipo.

Mimi huishusha mpaka uso wake upite chini ya barafu kidogo, kina cha kidole kimoja au viwili. Usiizamishe zaidi ya hapo bila sababu. Kila sentimita inayoning'inia chini ya barafu ni mahali pa mshipi kujisokota samaki anapozunguka. Ndiyo maana upande mrefu wa mkono unafaa uwe na matundu matatu au manne ya bolti, urefu ubadilike kadiri majira yanavyosonga na barafu inavyonenepa.

Sanduku lenyewe liwe la nini?

Ndoo ya lita 20 ni mwanzo mzuri. Ina mpini, inakaliwa, na imetengenezwa kwa polithini, plastiki inayovumilia baridi vizuri kuliko PVC. Ubaya wake ni umbo: betri ya mraba ndani ya duara inacheza, na ndoo ndefu inapinduka kirahisi upepo ukivuma. Betri ikiwa chini kabisa na imebanwa, upinduaji unapungua sana.

Kisanduku cha vifaa chenye mfuniko kinapangika vizuri zaidi. Sanduku dogo la kuhifadhia vinywaji baridi lina faida nyingine, kwamba kuta zake tayari zina povu la kuzuia joto lisitoroke, na kinachozuia joto lisiingie kiangazi ndicho kinachozuia lisitoke wakati wa baridi. Kibebeo ninachokitumia sasa ni cha aina hiyo. Mbao za plaiwudi za milimita 12 nazo ni nzuri, zikipakwa rangi ya mafuta hadi kwenye kingo, ila uzito unaongezeka na wewe ndiye wa kuuburuta.

Begi laini siliwezi. Linalowa, linaganda, na zipu yenye barafu haifunguki.

Betri gani, na ya ukubwa gani?

Geuza mashine nyuma au fungua kitabu chake utafute mambo mawili: volti inazokubali na ampea inazokula. Nyingi ni za volti 12, na skrini ya inchi 5 mara nyingi hula kati ya nusu ampea na ampea moja, kutegemea mwanga wa skrini. Tuseme yako inakula 0.6. Kwa saa 8 ni 0.6 mara 8, yaani ampea-saa 4.8.

Betri ya risasi iliyozibwa, volti 12 na ampea-saa 7, ndiyo iliyoenea kuliko zote. Ni ileile inayokaa kwenye king'ora cha nyumba na kwenye vifaa vya kushikilia kompyuta umeme ukikatika. Ina urefu wa milimita 151, upana 65, kimo kama 100, na uzito wa kilo 2 na zaidi. Kwa hesabu yetu inaonekana inatosha na chenji inabaki. Lakini baridi inapunguza uwezo wake, na karibu na nyuzi 18 chini ya sifuri unaweza kubakiwa na nusu hivi. Tena betri za risasi hazipendi kuishiwa, kila unapoikausha unaifupishia maisha. Kwa hiyo ampea-saa 7 ya risasi inatosha kwa kubanabana, na 9 inakupa pumzi.

Betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti yenye ampea-saa hizohizo ina uzito wa kama kilo moja, na inatoa karibu yote iliyonayo bila volti kushuka. Kama unatembea tundu hadi tundu siku nzima, utaujua utamu wake mgongoni. Mimi nilihamia huko na sirudi nyuma. Sharti lake moja kubwa nimelieleza kwenye swali la kuchaji, chini.

Betri ulizojifungia mwenyewe kwa seli za kompyuta za zamani sikushauri, hata kama unajua kulehemu. Seli chakavu, baridi, maji na mtikisiko wa kuburutwa ni mchanganyiko mbaya.

Nitailindaje betri na baridi?

Itoke nyumbani ikiwa na joto la nyumbani. Betri haitoi joto la maana ikitumika kidogo namna hii, kwa hiyo kazi ya sanduku ni kuchelewesha kupoa tu. Izungushie sponji nene ya milimita 20 pande zote, chini na juu. Chini hasa, kwa sababu sanduku linakaa juu ya barafu na barafu inanyonya joto mchana kutwa.

Watu huuliza kuhusu vile vipakiti vya kupasha mikono. Vinapata joto kwa unga wa chuma kushika kutu haraka, na kutu inahitaji hewa. Ukivifungia ndani ya sanduku lililozibwa vinazimika. Tena sitaki kitu cha moto kigusane na betri ya lithiamu. Weka vipakiti mifukoni mwako, mikono ndiyo inayovihitaji.

Fyuzi ni lazima? Betri ni ndogo.

Ni lazima. Betri ndogo ikiunganishwa chanya na hasi kwa bahati mbaya inaweza kutoa umeme wa kutosha kuyeyusha waya na kuwasha sponji uliyoizungushia. Tumia fyuzi ya ukubwa ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine. Kwa mashine nyingi ndogo ni ampea 3. Iweke kwenye waya mwekundu, karibu kabisa na betri, sentimita chache tu kutoka nguzo ya chanya. Ikikaa mbali, kipande chote cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi.

Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha. Kati ya betri na mashine weka plagi inayoingia upande mmoja tu, ili gizani na vidole vilivyokufa ganzi usiweze kugeuza chanya na hasi.

Nipe hatua za kutengeneza, tangu mwanzo.

Panga kila kitu sakafuni kwanza, ndani ya alama ya chaki yenye ukubwa wa sanduku. Betri ya milimita 151 kwa 65, ikizungukwa na sponji ya 20, inataka chumba cha sentimita 19 kwa 11. Kipe kona ya chini, upande wa pili wa ule utakaofungwa mkono, ili uzito wake ushindane na mkono ukiwa tunduni. Tengeneza ukuta wa chumba hicho kwa kipande cha plaiwudi, na juu yake upitishe mkanda wa kunasa na kunasuka, betri isiruke sanduku likipinduka.

Juu ya chumba weka rafu ya plaiwudi ya milimita 12. Skrini inakaa hapo kwa kitako chake cha asili. Funga kwa bolti zinazopita upande wa pili, zenye pete pana na nati zenye nailoni ndani. Skrubu za mbao zitajifungua zenyewe kwa mtikisiko wa sleji, kile chombo cha kuburuta mizigo juu ya theluji. Gundi ya moto usiitegemee kwa lolote, ikipata baridi inabanduka kama ganda. Hata vile vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya hukatika baridi ikikolea. Mkanda wa kunasa na kunasuka ni bora mara kumi.

Nyaya zinahitaji mlango. Usitoboe tundu kisha ukate plagi ya transdusa ili ipite. Waya huo si waya wa kawaida, una ngao ndani, na ukikatwa na kuunganishwa vibaya unaleta kelele usiyoimaliza. Badala yake kata mfereji kwenye ukingo wa juu wa sanduku, upana wa waya tu. Waya unalazwa humo kutoka juu na mfuniko unaufunika. Valisha kingo za mfereji mpira ili usichubue. Na kabla waya haujaingia, uache ulegee ushuke chini ya mfereji kisha upande tena, maji yanayouteremkia yadondokee hapo chini badala ya kuingia ndani.

Mwisho funga mkono, jaribu kuupandisha na kuushusha ukiwa umevaa glavu zako nene kuliko zote, na uwashe kila kitu kwa saa moja uani kabla ya siku ya kwanza ziwani.

Waya wa transdusa una mita kadhaa. Nauweka wapi?

Funga vigingi viwili ndani ya mfuniko, sentimita 15 kutoka kimoja hadi kingine, uuzungushe kwa umbo la nane. Usiukunje kwa kona kali, hasa ukiwa na baridi, maana ganda lake linakakamaa na linaweza kupasuka. Uuache mbali kidogo na waya wa umeme, visilazwe pamoja kama kamba mbili za mtego.

Na tundu likianza kuganda tena, usilipasue kwa mtaimbo waya ukiwa ndani. Nilipiga mara moja tu, pigo dogo, utando ulikuwa mwembamba kama kioo cha dirisha. Ncha iliupata waya nisiouona chini yake. Skrini iliganda kwenye namba ileile ya kina, na transdusa ile haikufufuka. Toa kwanza, pasua, kisha rudisha.

Sona ilikuwa inaonyesha vizuri, sasa ni ukungu mtupu kutoka juu hadi chini.

Mara nyingi ni uji wa barafu. Vipande vidogo na mapovu yaliyobaki baada ya kutoboa kwa keekee ya barafu huzuia sauti. Uchote kwa upawa wenye matundu hadi maji yawe meusi safi. Kisha itoe transdusa uupanguse uso wake kwa kidole. Utando mwembamba wa barafu au povu lililonata hapo vinatosha kuipofusha.

Kama tatizo limeanza mwenzako alipoketi jirani na kuwasha yake, mashine zenu zinasikilizana. Mmoja abadilishe masafa ya mlio, zile kilohezi, kama mashine yake inaruhusu, au ongezeni kichujio cha kelele, au mmoja asogee hatua kadhaa.

Kwa nini samaki hawaonekani kama pinde nilizozoea kwenye mashua?

Upinde hutokea samaki anapoingia na kutoka kwenye koni, mara nyingi kwa sababu mashua inampita. Barafuni umekaa tuli. Samaki akisimama chini yako anachora mstari mrefu, na akipanda mstari unapanda naye. Ukingo wa kulia wa skrini ndio sasa hivi, vyote vilivyo kushoto vimeshapita. Raha ya uvuvi huu kwangu iko hapo: unauona mstari unaachana na sakafu, unakwea kuelekea chambo, unasita, nawe unaamua kutikisa au kutulia.

Skrini inachelewa na kuacha vivuli. Imeharibika?

Hapana. Fuwele zilizo ndani ya skrini za mashine hizi hugeuka polepole zikipoa. Iache imewashwa badala ya kuizima na kuiwasha, na uikinge na upepo kwa kipande cha povu mgongoni na pembeni. Usiipashe kwa moto wa jiko la hemani.

Naweza kupima kina bila kutoboa?

Kama barafu ni angavu na haina mapovu, ndiyo. Pangusa theluji, mwaga maji kidogo, bandika uso wa transdusa kwenye maji hayo. Maji yanaziba hewa iliyo kati, na sauti inapenya barafu. Barafu nyeupe yenye hewa ndani inakataa, hapo toboa tu.

Kibebeo changu ni kizito. Barafu itanibeba?

Kilo chache za sanduku si kitu ukilinganisha na mwili wako, ila swali lenyewe ni la kwanza kabla ya mengine yote. Kwa mtu anayetembea kwa miguu, kipimo kinachokubalika ni sentimita 10 za barafu mpya iliyo angavu. Barafu nyeupe ina kama nusu ya nguvu hiyo, kwa hiyo taka unene maradufu. Pima unapokwenda, si ufukoni peke yake, kwa sababu penye mkondo wa maji barafu huwa nyembamba. Vaa shingoni zile pini mbili za kujivutia juu ya barafu, na kamba ya sleji ishike mkononi, usijifunge nayo kiunoni.

Nikirudi nyumbani nianze na nini?

Usifungue mfuniko. Hewa ya joto ikikutana na skrini baridi inageuka matone, ndani na nje. Acha sanduku limefungwa saa mbili tatu lipate joto taratibu, kisha fungua, panguza, na uache wazi usiku kucha likauke.

Betri itoe. Ya risasi ichajiwe siku hiyohiyo, kwa sababu ikiachwa bila chaji inaharibika hata bila baridi, na ikiwa imeisha kabisa inaweza kuganda kwenye nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, wakati iliyojaa haigandi kwa baridi yoyote utakayoivumilia wewe. Ya lithiamu ni kinyume: isubiri kwanza. Usiichaji kamwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri, maana ndani yake lithiamu inajipaka kama chuma mahali isipotakiwa, na madhara hayo hayarudi nyuma. Iache chumbani mpaka ukiishika isikupe ubaridi wowote, ndipo uichomeke kwenye chaja yake yenyewe, isiwe ya betri za risasi. Wakati inajaa, pitia bolti moja baada ya nyingine kwa spana, ukianza na ile ya transdusa.